Suti ya Jasho

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na sauti mbili. Katika chumba cha mbele cherehani ya mke ililia tararara. Barazani nyundo ya mume iligonga ko, ko, ko. Mke alikuwa fundi nguo na mume alikuwa fundi viatu. Majirani walisema, "Ukiingia pale huna kitu, unatoka umevaa toka shingoni mpaka nyayoni." Na kweli ilikuwa hivyo.

Mke walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halifumuki hata ulivute kwa meno. Mume walimwita Mshale. Jina hilo alilipata ujanani, enzi za mbio za shule, alipokuwa mwembamba na miguu mirefu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita na kitambi cha haja, na watani wake walisema mshale umegeuka upinde.

Jumapili moja binti yao mkubwa alikuja kuwasalimia. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Alikaa barazani, akapokea chai, lakini hakuinywa.

"Vipi, mwanangu?" aliuliza Mama Pindo. "Chai imekukosea nini?"

"Mama, darasani kwangu watoto kumi na mmoja wanakuja peku. Juzi mmoja kakanyaga msumari. Mguu umevimba, na wiki nzima hajaonekana."

Mshale aliacha kugonga.

"Nimewaza kitu," binti aliendelea. "Tufanye mbio za hisani. Si mashindano. Ndugu, marafiki, majirani, wote tutoke. Kilomita tano. Anayeweza akimbie, asiyeweza atembee. Kiingilio ni jozi moja ya viatu vya mtoto, hata kama vimetumika. Vilivyochoka, Baba utavitengeneza. Tuna miezi mitatu."

Mshale alikuwa na misumari midogo mitatu kati ya midomo yake. Aliitema kiganjani. "Viatu nitatengeneza," alisema. "Na mbio nitakimbia. Zote. Sitembei hata hatua moja."

Binti alicheka. Mama Pindo hakucheka. Aliuona uso wa mumewe, na moyo ukamruka. Uso ule hakuwa ameuona miaka mingi.

Aliukumbuka uwanja wa shule na vumbi lake jekundu. Alikuwa na miaka kumi na sita, amekaa kando na rafiki yake, wanamenya chungwa. Kijana mmoja akakata kona, shati limejaa upepo mgongoni, anakimbia huku anatabasamu peke yake. Mama Pindo alimpenda kabla hajajua anaitwa nani. Chungwa lenyewe alilisahau mkononi mpaka rafiki yake akalila. Mwaka uliofuata kijana yule aliacha kukimbia ghafla. Watu walipomuuliza, alijibu neno moja tu, "Goti." Wakaoana, wakalea, wakazeeka kidogo kidogo, na jibu likabaki lile lile.

Jioni ile Mshale alikuja na kitambaa begani.

"Mke wangu, nishonee suti ya jasho."

"Suti ya nini?"

"Ya jasho. Mwalimu wetu wa Michezo alikuwa anatuvalisha makoti ya mvua, tunakimbia nayo jua la utosi. Jasho likitoka, mafuta yanayeyuka. Na maji yalikuwa marufuku mpaka umalize. Alisema maji yanalegeza misuli."

"Na kweli yanalegeza?"

"Mwalimu alisema."

Basi, likawa limekwisha. Mwalimu akishasema, nani abishe? Mama Pindo alichukua vipimo. Nje aliweka nailoni nzito ya koti la mvua. Ndani aliweka bitana ya blanketi. Shingoni, mikononi na miguuni alitia mpira uliobana. Zipu ilipanda mpaka kidevuni. Ilikuwa kazi nzuri, ashukuriwe Mungu kwa mikono ile, lakini hewa haikuwa na pa kupita hata ingebisha hodi. Mshale aliivaa, akajitazama kwenye kioo, akajipigapiga tumbo.

"Siku ishirini tu," alisema. "Hiki kitambi mtakitafuta."

Alhamisi, saa saba mchana, alitoka. Hakunywa maji tangu asubuhi. Hakuanza kwa kutembea. Alitoka mlangoni kama mtu aliyeiba kuku. Mama Pindo alichungulia dirishani, akamwona anapinda kona, na akajikuta anatabasamu kama msichana.

Hazikupita dakika ishirini. Mwenye duka la pembeni alikuja mbio, kanga imemtoka nusu.

"Mama Pindo! Mama Pindo wee! Mzee ameanguka!"

Alikuwa anakata kitambaa. Alikimbia vilevile alivyo, utepe wa kupimia shingoni, mkasi mkononi. Alimkuta mumewe amekaa chini karibu na mashine ya kusaga, mgongo ukutani, macho yanatazama mbali. Alimshika shavu. Lilikuwa la moto kupita homa yoyote aliyowahi kuigusa.

"Bado mita ngapi?" Mshale aliuliza. "Mwambie Mwalimu nakuja. Bado mita ngapi?"

"Mwalimu gani? Baba watoto, ni mimi! Niangalie!"

Hakumjua. Mama Pindo alimtikisa mabega, akamwita tena.

Bahati ilikuwa upande wao. Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa anarudi kutoka zamu. Alitupa mkoba wake chini.

"Mhamishieni kivulini! Mvueni hilo livazi!"

Mama Pindo alivuta zipu. Ilikwama. Akavuta tena. Mshono wake uliosifiwa mtaa mzima haukusogea hata kidogo.

"Kata!" alisema Muuguzi. "Mkasi si huo mkononi? Kata, dada!"

Alikata. Alianzia shingoni, akashuka mpaka kiunoni, analia huku anakata. Jasho lilimwagika kutoka ndani kama maji ya kufulia.

"Leteni maji, mengi, mmwagieni mwilini," Muuguzi aliamuru. "Loweka vitambaa. Weka shingoni, makwapani, na hapa mapaja yanapoungana na mwili. Wewe, mpepee. Usiache."

Mwanamume mmoja alisogea na kikombe. "Anywe basi, maskini!"

"Asinywe sasa. Amechanganyikiwa, yatampalia. Tumpoze nje kwanza. Na gari liitwe sasa hivi. Mtu akipandwa na joto mpaka anasema ovyo, huyo ni wa hospitali. Hatumngojei apate nafuu."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, akalifuata neno kwa neno, na nusura litolewe tangazo la msiba.

Hospitali alilala siku mbili. Walimtia maji ya mshipani. Walipompima, wakagundua jambo jingine: presha yake ilikuwa juu, mia na sabini na tano kwa mia na tano. Hakuwa anajua. Hakuwa amepimwa tangu binti yake azaliwe. Daktari alimpa vidonge na kumwambia, "Kukimbia kasi, hapana. Presha ikishuka, tutazungumza."

Akarudi nyumbani, na nyumba ikabaki na sauti moja. Cherehani ililia peke yake. Mshale alikaa mbele ya rundo la viatu vya watoto, nyundo magotini, anatazama barabara. Ukimpa chai anakunywa. Ukimwuliza neno anajibu "Ee." Hata redio hakuitaka.

Mama Pindo aliumia pande mbili. Upande mmoja aliogopa: mumewe akikimbia tena, atamzika. Upande wa pili aliogopa vilevile: asipokimbia, atabaki na mwanamume huyu wa "Ee" mpaka mwisho wa maisha yao. Na suti aliishona yeye. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ya nne Muuguzi alikuja na kipimo chake cha presha.

"Shemeji, toa mkono. Habari za hasira?"

"Nzuri," alisema Mshale.

"Mia na hamsini na tano. Vidonge vinafanya kazi. Usiviache ukijiona mzima, maana presha haipigi hodi." Alikunja mpira wa kipimo. "Sasa niambie. Ile suti ilikuwa ya nini?"

"Kutoa mafuta."

"Jasho si mafuta, shemeji. Jasho ni maji. Mwili unayatoa yakauke kwenye ngozi, ndipo unapoa. Ukijifunga nailoni hayakauki, na joto linabaki ndani. Umewahi kufunika sufuria inayochemka? Basi wewe ndiye ulikuwa ugali."

Mama Pindo alicheka bila kupenda. Mshale naye alikunja mdomo, karibu acheke.

"Na maji? Hayalegezi misuli?"

"Ndiyo yanayoifanyisha kazi! Unakunywa kabla, unakunywa njiani kidogo kidogo, unakunywa baadaye. Si ndoo nzima kwa mkupuo, la. Kiu isikufikishe pabaya, basi."

Mshale alipanga misumari yake mstari mmoja. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia habari za jirani, "Kwa hiyo, kijana akiwa kwenye mbio, tuseme jua kali, hajanywa kitu, kavaa koti... akaona giza, akaanguka. Si kwamba hana moyo?"

"Moyo gani tena? Amekosa maji na amezidiwa na joto. Hata bingwa wa mabingwa angeanguka."

"Ahaa," alisema Mshale. Mama Pindo alimwona anaichukua nyundo na kugonga msumari mmoja kwa nguvu, na hakuelewa kwa nini.

"Sasa hizi mbio," aliuliza Mama Pindo, "ndiyo basi tena?"

"Nani kasema basi? Tuna zaidi ya miezi miwili. Ataanza kwa kutembea, asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa. Nguo nyepesi za pamba. Siku moja anatembea, siku moja anapumzika. Daktari akimwona na kuridhika, anachanganya: dakika moja ya kukimbia polepole, tatu za kutembea. Wiki hadi wiki anaongeza. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, anasimama hapo hapo na kutafuta msaada. Hakuna ushujaa hapo."

"Nitajuaje ninakwenda sawa?" Mshale aliuliza. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki ile.

"Kwa kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima huku unakwenda, mwendo ni sahihi. Ukiona maneno yanakatika, punguza."

"Niongee peke yangu barabarani? Watanipeleka kwa vichaa."

"Ongea na mkeo."

Mshale alimtazama mkewe. Mkewe alitazama cherehani. Kwa miaka mingi wao waliongea habari za uzi, gundi, na nani hajaja kuchukua nguo zake.

"Nitatoka naye," alisema Mama Pindo. "Kwanza na mimi mwenyewe hebu nipime hiyo presha."

Alijishonea suruali pana na fulana ya pamba kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, rangi nne kwa mpigo. Mshale aliziba soli za raba zao mbili. Siku ya kwanza walifika kwenye mashine ya kusaga tu, wakarudi. Watoto wa jirani waliwafuata wakiimba. Siku ya tatu walifika shuleni. Mwendo pole, wanaongea: habari za binti, za paa linalovuja, za yule mteja aliyeleta kiatu kimoja na kusema kingine kimepotea. Polepole maneno yakaanza kurudi nyuma, kwenye mambo ya zamani.

"Unakumbuka ule mwaka wa mvua nyingi?" Mshale aliuliza siku moja. "Nilikuja kwenu kuposa, nikateleza mlangoni."

"Ukamwamkia mama yangu ukiwa umelala kifudifudi! Marehemu mama alisema, 'Huyu ana adabu iliyopitiliza.'"

Walicheka mpaka ikabidi wasimame. Daktari alimwona Mshale baada ya wiki tatu, akamruhusu kuchanganya kukimbia kidogo. Dakika moja ikawa mbili, mbili zikawa nne.

Ilikuwa kwenye kutembea, baada ya dakika nne za kukimbia, ndipo Mshale alipolisema.

"Halikuwa goti."

"Nini?"

"Nilipoacha mbio. Goti langu halijawahi kuuma." Alivuta hatua kadhaa. "Ilikuwa siku ya kuchagua timu. Mchana, jua kali. Wiki nzima tulikuwa tunakimbia na makoti, hatunywi. Nilikuwa naongoza. Zimebaki mita mia mbili, nikaona giza, miguu ikaondoka. Nilipozinduka, Mwalimu alikuwa amesimama juu yangu. Akasema, 'Miguu unayo. Moyo huna.' Mbele ya shule nzima."

Mama Pindo alimsogelea, wakawa bega kwa bega.

"Nilimwamini," Mshale aliendelea. "Miaka thelathini na saba. Kila nikishindwa jambo, nasema, ni kweli, mimi sina moyo. Nilikuona wewe unajifungua, nikasema, huyu anao, mimi sina. Kumbe..."

Sauti ilikatika. Mama Pindo alimshika mkono pale pale barabarani, watu wanapita, na hakuona haya. Alimlilia yule kijana wa vumbi jekundu aliyekwenda nyumbani peke yake siku ile, hana wa kumpa hata kikombe cha maji.

Siku ya mbio ikafika. Walianza saa moja asubuhi, hewa bado baridi. Viatu vilikuwa vimepangwa kwenye meza za darasa, jozi mia na arobaini, vimeng'aa, na thelathini na sita kati ya hizo zilikuwa na soli mpya za Mshale. Binti aliweka meza za maji tatu njiani. Muuguzi alikaa mwanzoni na kipimo chake, na aliyekutwa na presha ya juu sana alipewa kazi ya kupiga makofi. Mshale alipimwa: mia na thelathini na mbili. Muuguzi alimgonga begani. "Nenda. Na uongee."

Walikwenda. Vijana waliwapita. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliwapita. Mshale alikimbia dakika tano, akatembea mbili, akanywa kidogo, akakimbia tena, na maneno yake hayakukatika.

Zilikuwa zimebaki mita mia mbili hivi, na jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye kona, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti juani, sweta la sufu limefungwa vifungo vyote, anapiga makofi kwa nguvu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mama Pindo alimjua kabla mumewe hajasema. Alikuwa Mwalimu wa Michezo.

Mshale alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo? Macho yangu siku hizi..."

"Ni mimi, Mshale."

Mzee alikunja uso, kisha uso wote ukafunguka. "Mshale! Ala! Wewe? Kijana, katika wote niliowafundisha, hakuna aliyekuwa kama wewe. Wajukuu wangu nimewachosha kwa habari zako. Miguu, moyo, vyote ulikuwa navyo. Mpaka leo najiuliza, kwa nini uliacha?"

Mama Pindo alihisi damu inapanda kichwani. Mumewe alibeba neno la mzee huyu miaka thelathini na saba, na mzee mwenyewe alishalisahau kabla ya chakula cha jioni! Alifungua mdomo amwambie, na angemwambia vizuri. Mshale alimgusa mkono.

"Ilikuwa kiu, Mwalimu," alisema. "Kiu tu."

"Kiu?"

"Ndiyo. Hebu vua sweta hilo kwanza."

Walimvua sweta. Walimbeba na kiti chake mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Mshale alimpa chupa yake ya maji, akaishika kwa chini mpaka mzee akanywa na kupumua.

"Watu wanamaliza, wewe umesimama," mzee alilalamika. "Mbio zako hizo!"

"Zipo, Mwalimu. Nakwenda sasa."

Akaenda. Mita zile mia mbili alizikimbia zote, polepole, mkewe ubavuni, na alikuwa anatabasamu. Walikuwa wa nne kutoka mwisho. Binti yao aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Mshale alilia, akasema ni jasho, na hakuna aliyembishia.

Watoto wale kumi na mmoja walivaa viatu Jumatatu, na wengine wengi pamoja nao. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi kundi la mtaa hutembea na kukimbia pamoja. Wanapimwa presha kila mwezi. Wanavaa nguo pana za pamba anazoshona Mama Pindo. Meza ya maji ipo kivulini pale kwenye kona, na msimamizi wake ni Mwalimu wa Michezo mwenyewe, filimbi shingoni, bila sweta. Ole wake atakayejaribu kupita hapo bila kunywa.